Kosa Lilikuwa la Nahodha

Wapo watu pale Kivukoni, Ifakara, ambao hadi leo wanaamini kwamba boti yetu ilishika moto kwa uzembe wa kijana aliyekuwa msaidizi wangu. Waliambiwa na mimi, wakaniamini, maana nahodha akishasema jambo la chombo chake nani wa kumbishia? Nimekaa na uongo huo tangu kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa, na lilizinduliwa Mei 2018. Sasa nausema. Kijana hakuwa mzembe. Mzembe nilikuwa mimi, tena mzembe anayejua, kwa sababu kila nililolikosea siku ile nilikuwa nimeshamkataza yeye asilifanye.

Mimi ni mtu wa Masagati, kule juu ya bonde, ukishapita Mlimba. Kwetu chombo ni mtumbwi, na mtumbwi ni upondo na kafi. Nilishuka Ifakara kutafuta maisha wakati ule Kivukoni pana pantoni, na pantoni ikiharibika au mto ukifura, watu wa Lupiro, Mahenge na Malinyi walivuka kwa mitumbwi na maboti ya watu binafsi. Januari 2016 pantoni yenyewe ilizama palepale. Nguzo za daraja zilikuwa zinajengwa, lakini nguzo hazivushi mtu. Tajiri mmoja alikuwa na boti ya mbao yenye mashine ya Yamaha ya farasi 40, akanipa niiendeshe. Cheti sikuwa nacho. Nilikuwa na ujuzi wa mto, na ujuzi huo ulinitia kiburi.

Wakati wa masika mto Kilombero hauna kingo. Maji ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga yanashuka kwa pamoja, bonde zima linatanda, na mgeni hawezi kukuonyesha mto uko wapi na shamba la mpunga liko wapi. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani, na wazungu huja kumtazama swala aitwaye sheshe. Sisi tuliliona kama barabara iliyofunikwa maji: tunapeleka unga na chumvi kwenye kambi za wavuvi, tunarudi na kambale, kitoga na perege waliokaushwa, na katikati ya hapo tunavusha abiria.

Mtu aliyekulia kwenye mtumbwi akishika mkono wa mashine anadanganywa na mambo mawili. La kwanza ni upande. Ukisukuma mkono kulia, boti inakwenda kushoto; ukiuvuta kushoto, inakwenda kulia. Hilo mwili unalizoea upesi, mradi hujashtuka. Ukishtuka, mkono unarudi kwenye mazoea ya zamani. La pili ni baya zaidi, kwa sababu halionekani. Mashine ya kufunga nyuma haina usukani wa peke yake majini. Kinachogeuza boti ni yale maji yanayosukumwa na pangaboi. Ukipunguza moto, umepunguza na usukani. Ukizima, huna usukani kabisa, una gogo linaloelea. Mtu wa mtumbwi akiogopa anapunguza mwendo. Nahodha wa mashine anayeshuka na mkondo akipunguza mwendo hadi ukalingana na wa maji, mto ndio unaomwendesha.

Liko na jingine, nalo nilimfundisha kijana kwa maneno mengi na majigambo: boti haigeuki kwa omo, inageuka kwa tezi. Ukipinda kushoto, kichwa kinakwenda kushoto lakini mkia unafagia kulia, na pangaboi liko mkiani. Kwa hiyo mtu akianguka upande wa kulia, pinda kulia, kumwelekea, ili tezi limkimbie. Kisha toa gia. Akili ya kawaida inakwambia umkwepe. Ukimkwepa kwa kichwa unamfuata kwa panga. Nilikuwa nikimuuliza ghafla, katikati ya safari, "Ameanguka kushoto, unafanyaje?" naye anajibu, "Napinda kushoto, mjomba, natoa gia." Hakukosea hata mara moja.

Aliniita mjomba ingawa hatukuchangia damu. Mama yake ni jirani yetu Masagati. Ndiye aliyenikabidhi mtoto huyu mkononi, mbele ya watu, akasema, "Nakupa huyu, ukamfanye mtu." Walikuja wote wawili hadi Mlimba, kijana akapanda treni ya TAZARA na mimi, na begi la mgongoni lenye nguo mbili tatu.

Sasa mafuta. Mashine ile ilikuwa ya kuchanganya oili: nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Unachanganya kwanza kwenye dumu, unatikisa, ndipo unamimina kwenye tangi. Tangi lenyewe ni lile jekundu la plastiki la lita 24, linalobebeka, na ubebekaji wake una maana. Linabebeka ili litolewe. Tangi la namna hiyo halijazwi ndani ya boti. Unazima mashine, abiria wanashuka, unachomoa mpira, unalibeba hadi nchi kavu, unaliweka chini ardhini, na dumu la kumiminia nalo ligusane na mdomo wa tangi ili umeme ule wa msuguano usipate nafasi ya kuruka. Hujazi mpaka juu. Petroli ikipigwa na jua la Ifakara inataka pa kutanukia. Ukimaliza unafuta, unafunga, ndipo unarudisha.

Sababu ya usumbufu wote huo ni moja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukaenda zake kama moshi wa kuni. Unashuka, unatafuta pa chini, na ndani ya boti pa chini ni ngamani, chini ya mbao za kukanyagia, mahali pasipo na upepo. Utalala pale ukisubiri cheche, na petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya kugandisha maji, sembuse joto letu. Wenzetu Marekani, kwenye maboti ambayo injini imefungiwa ndani, wanalazimishwa kuweka feni ya kunyonya mvuke, na kibandiko kinamwambia nahodha aiwashe dakika 4 kabla hajagusa ufunguo. Boti yetu ilikuwa wazi, na uwazi huo ulitufanya tudhani tuko salama. Juu palikuwa wazi kweli. Ngama haikuwa wazi.

Kuna na skrubu. Juu ya kizibo cha tangi pana skrubu ndogo ya kupitishia hewa. Ukibeba tangi unaifunga ili mafuta yasivuje. Ukiendesha unaifungua, ili hewa iingie kadiri mafuta yanavyotoka. Ukiisahau imefungwa, mashine itawaka vizuri kabisa, itakwenda, itakupa moyo, kisha itakufa njiani wakati tangi limeshindwa kutoa.

Siku ile ilikuwa jioni na mawingu yamekaa upande wa Udzungwa. Walikuja watu wa msiba. Walikuwa na safari ya Lupiro, mazishi asubuhi, na giza linaingia. Tulikuwa tumetoka kuvusha, mashine ya moto, tangi limebaki matone. Kijana akainama kuchomoa mpira alitoe tangi nje, kama kawaida. Nikamwambia, "Acha hapohapo, watu wana haraka." Akaniangalia. Nikarudia kwa ukali. Abiria walikuwa wameshapanda, wamejaa hadi karibu na tezi, na mtu mmoja ana sigara ambayo nilimwambia aizime, nikajiona mwangalifu.

Nilimimina mwenyewe. Kijana alishika funeli, ambayo ilikuwa chupa ya maji iliyokatwa. Boti ilikuwa inasukwasukwa na watu wanaoendelea kupanda, dumu likapiga mkono wake, petroli ikamwagika juu ya tangi, ikateremka kwenye mbao, ikapotea chini. Haikuwa nyingi. Kikombe kimoja hivi, labda na nusu. Kijana akasema, "Mjomba, tuiache kidogo ikauke." Nikamjibu kwamba itakauka mtoni. Nikafunga kizibo. Nikakaza na skrubu, kwa mazoea ya mkono uliomaliza kazi, nikalisukuma tangi mahali pake kwa mguu. Sikuifungua tena.

Kosa la mwisho kabla ya kuondoka nalo lilikuwa langu. Kila mashine ya aina hii ina kamba nyekundu ya kuzimia. Mwisho mmoja unachomekwa kwenye swichi, mwingine nahodha anajifunga mkononi au kwenye suruali, ili akianguka au akirushwa, kamba ichomoke na mashine izime palepale. Mimi ilikuwa inanikera. Nilikuwa nimeichomeka na kuiacha kwenye mashine, sehemu iliyobaki nimeizungusha kwenye mpini, ikawa pambo. Marekani tangu Aprili 2021 ni sheria kwa maboti mengi yenye urefu chini ya futi 26 kwamba anayeendesha ajifunge kamba hiyo. Kwetu haikuhitaji sheria ya mtu. Tajiri aliinunua pamoja na mashine, ilikuwa pale.

Tulifika katikati mashine ikaanza kukohoa, ikanyamaza. Mkondo ukatuchukua. Nahodha aliyetulia angetazama kitu kimoja tu: ule mpira wa kubana ulio kwenye bomba la mafuta. Ulikuwa umenywea, kuta zake zimeshikana, na tumbo la tangi limeingia ndani. Dalili ilikuwa inapiga kelele. Mimi sikutazama huko. Nilishaamua kwamba ni plagi, kwa sababu kosa la plagi halimhusu nahodha.

Nikafunua kofia ya mashine. Nikachomoa plagi, nikairudisha kwenye waya wake, nikailaza chuma kwa chuma juu ya mashine, nikavuta kamba ya kuwashia nione kama ina moto. Mafundi wote wanafanya hivyo, gereji, kwenye hewa. Mimi nilifanya juu ya ngama yenye petroli, na mashine isiyo na plagi ukiizungusha inatema mvuke kwenye tundu lake. Wakati huohuo kijana alikuwa amefunua ubao mmoja anachota maji ya ngama kwa kopo, kwa sababu boti ilikuwa nzito na maji yalikuwa yanaingia. Mikono yake ilikuwa imeloa maji yaliyobeba petroli.

Cheche niliiona. Kilichofuata sikukiona vizuri. Ulikuwa mwako mmoja, wa buluu kisha manjano, uliopita chini ya miguu yetu na kusimama kwenye ngama pale alipoinama. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani. Watu wakaanza kuchota maji ya mto na kuumwagia moto, na petroli ikaelea juu ya maji ikazidi kutanda. Aliyeuzima ni kijana mwenyewe pamoja na mzee mmoja wa msibani: walitosa gunia la katani mtoni, wakalifunika juu ya ule ufa wa mbao, wakalikanyaga. Mama mmoja alikuwa amelivuta tangi hadi omo kwa akili yake mwenyewe. Bila mama huyo nisingekuwa na maungamo ya kuandika.

Niseme wazi nilichokuwa nafanya mimi wakati huo. Nilikuwa nimekumbatia mashine.

Moto ulipozimika ndipo nikauona mpira ulionywea. Nikafungua skrubu, tangi likavuta pumzi, tumbo likarudi kwa kishindo. Nikarudisha plagi, nikabana mpira, nikavuta, ikawaka. Hapo mtu mwenye busara angengoja mashine itulie, awaketishe watu, aangalie nani yuko wapi. Watu wote walikuwa wamekimbilia ubavu wa kulia, wamesimama. Tulikuwa tunasogea kwenye miti iliyozama ukingoni, na nilitaka kuonekana nahodha tena. Nikasukuma gia akseli ikiwa bado iko juu. Boti ikaruka. Msichana mmoja akatoka ubavu wa kulia akaanguka majini.

Swali nililokuwa namuuliza kijana kila siku, mto ukaniuliza mimi. Nikapinda kushoto. Nilimkwepa. Kichwa kikaenda kushoto, tezi likaanza kufagia kulia, kumwelekea yule msichana, na mimi nimeganda, mkono umekaza, moto uko juu. Nilisikia sauti ya kijana ikisema "Mjomba!" kisha mashine ikazima. Alikuwa ameruka juu ya watu akaing'oa ile kamba nyekundu kwa mikono iliyoungua. Msichana akashika ukingo wa boti kwenye tezi, akavutwa ndani. Alikuwa mzima. Tukafika nchi kavu kwa upondo, chini sana ya tulikokusudia, na aliyesimama na upondo kunisaidia alikuwa mzee wa msibani, kwa sababu mikono ya kijana ilikuwa ndani ya ndoo ya maji na ngozi imeanza kupanda.

Tajiri alikuja usiku uleule. Akauliza kimetokea nini. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema kweli. Alivuta kiti, akakaa, akaningoja. Nikasema kijana alimwaga mafuta akafunga skrubu, nami sikujua. Nilisema hivyo kijana akiwa ameketi hatua chache kutoka kwangu, mikono imefungwa bendeji. Hakunibishia. Mtoto aliyelelewa kwetu hambishii mkubwa wake mbele ya tajiri, na mimi nilikuwa nategemea malezi hayo wakati naufungua mdomo. Tajiri akamkata pesa yake yote ya mwezi kufidia boti, akamwambia asionekane tena. Kesho yake nilimsindikiza stesheni. Nikampa nauli. Akasema, "Asante, mjomba."

Niliwahi kujitetea kwamba nikifukuzwa mimi watoto wangu watalala njaa, na yeye ni kijana, ataanza upya. Utetezi huo haukudumu. Alianza upya na vidole viwili visivyokunjika vizuri, na jina la kijana aliyechoma boti, jina ambalo lilimtangulia kila alipoomba kazi ya majini katika bonde hili. Mimi niliendelea kuendesha. Na hapa ndipo penye aibu ya kweli: baada ya siku ile nikawa nahodha mwangalifu kuliko wote pale Kivukoni. Tangi nje, abiria chini, kamba mkononi. Watu walinisifu. Walisema, tangu yule kijana amtie hasara, nahodha huyu hachezi.

Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya mia mbili wakafa. Tulikaa kwenye redio, kila mtu analaani uzembe. Mimi nililaani pamoja nao, kisha nikashindwa kumaliza sentensi. Wakati huo daraja letu la mita 384 lilikuwa limeshafunguliwa, biashara ya kuvusha imekwisha, nami nilikuwa natafuta pa kulima mpunga.

Imenichukua miaka mingine tena kupanda kwenda Masagati. Mama yake alinikaribisha, akanipikia, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilidhani atalia au atanifukuza. Akasema, "Mimi aliniambia siku ileile aliyorudi. Nilikuwa nangoja uje." Kisha akaniambia kwamba kumwambia yeye hakutoshi, maana aliyemfukuza mwanawe si yeye, na waliomchafulia jina si watu wa Masagati.

Ndiyo sababu ya kuandika. Manahodha wenzangu wa kambi za wavuvi, ambao bado mnatia mafuta boti ikiwa majini na watu wamekaa, mnajua mnachofanya kama nilivyojua mimi. Litoeni tangi hadi nchi kavu, mkaifungue ile skrubu kabla ya kuvuta kamba. Abiria, nahodha akitaka kumimina petroli mkiwa ndani, shukeni, hata kama ni msiba. Na wewe tajiri, boti yako niliichoma mimi. Ile pesa ya mwezi uliyomkata kijana nimeshaipeleka kwa mama yake, pamoja na ya matibabu. Iliyobaki ni kazi yako: ukikutana na watu wa Kivukoni, waambie uliambiwa uongo, na utaje aliyekuambia.